Tangulia, Mzee

Kama umewahi kucheza Orbita Tisa ukafa kabla hujafyatua hata risasi moja, usijione wewe ndiye bure kuliko wote. Aliye bure kuliko wote ninamjua. Anaitwa Fortunatus, ni mtu mzima mwenye mke, shahada na kitambi cha heshima, na nilimfundisha mwezi mzima kwenye ukumbi wangu wa gemu hapa Rwezamenyo mpaka sauti ikanikauka.

Mimi ni Njeri. Nilitoka Kenya kuja Kigali kuuza simu, simu zikanishinda, nikafungua ukumbi. Vijana wa mtaa huu hawahitaji mwalimu, wanacheza vizuri kuliko mimi na wana kiburi hata kunishinda. Wanaohitaji mwalimu ni watu wa ofisi. Hao wanakuja na viatu vimeng'arishwa, wanashika pad ya kuchezea kama wameshikishwa mtoto mchanga wa jirani, wakipigwa mara tatu wanasema gemu ina hitilafu. Gemu haina hitilafu, bwana. Hitilafu ni wewe uliyesimama katikati ya uwanja kama unasubiri kupigwa picha.

Gemu yenyewe si ngumu kueleza. Mko wanne, kikosi kimoja, mmeshushwa kwenye kituo cha machimbo juu ya mwezi uliopasuka, na kikosi kingine cha wanne kinawatafuta. Kila mtu ana ngao ya umeme, na ngao ikiisha anabaki mwili tu. Ukipigwa mwili hufi papo hapo. Unaanguka, unatambaa, na mwenzako anaweza kukuinua kama atawahi. Mnashinda mkiwamaliza wale wengine wote, au mmoja wenu akiwasha mnara ulio katikati ya kituo.

Fortunatus aliletwa kwangu na bosi wake, mzee Léonidas, Mnyarwanda aliyekulia Karagwe, mwenye kampuni ya kupitisha mizigo forodhani. Mzee alikuwa ameiandikisha kampuni kwenye mashindano ya maofisi, na kikosi alikiunda mwenyewe. Kapteni alikuwa yeye, nani tena. Naibu kapteni alikuwa Fortunatus, Mtanzania wa Bukoba, ambaye hata ofisini ni naibu, na unaibu umemganda miaka yote hiyo. Wengine wawili walikuwa Belyse wa mapokezi na Ngabo anayesimamia malori.

Siku ya kwanza wenzake walipotoka kwenda kunywa soda, Fortunatus alibaki akanisogelea. Akanieleza kwa sauti ya chini kwamba ghala jipya la Kagarama lilikuwa linatafuta mkuu wake, na mzee angemtaja baada ya mashindano. Mkewe, Flaviana, alishaanza kuulizia nyumba huko, na kwaya yao nzima kanisani ilishajua. Kwa hiyo aliniomba, dada Njeri tafadhali, nimsaidie aonekane vizuri mbele ya mzee. Nikamjibu kwamba mimi ninafundisha kupiga risasi, na kuonekana vizuri ni kazi ya kinyozi.

Tulianza na milango. Mlango wa Orbita ukifunguka unapiga kelele kituo kizima kikasikia, na anayeingia wa kwanza ndiye anayekula risasi zote za ndani. Kwa hiyo anatangulia mwenye ngao iliyojaa, wa pili anamfuata hapo hapo, mmoja anakwenda kushoto na mwingine kulia. Hata mbuzi akielezwa mara mbili ataelewa. Wakaitikia wote, wakaelewa wote, nikawaachia mchezo.

Wakafika mlango wa kwanza. Fortunatus akasimama. Askari wa chuma kutoka juu hadi chini, bunduki ya mionzi begani, akajisogeza pembeni akasema, "Tangulia, mzee." Belyse naye akampisha mzee. Ngabo akampisha. Mzee akaingia kifua mbele, akamiminiwa risasi, akaanguka. Fortunatus akasema pole sana, mzee. Wakamwinua, wakaenda mlango wa pili, wakampisha tena, akaanguka tena, akapewa pole tena.

Nilidhani wananifanyia mzaha. Nikawauliza kama wanajua maana ya kutangulia hapa. Fortunatus akanieleza kwa upole, kama mimi ndiye mgeni wa gemu, kwamba haiwezekani yeye apite mlangoni mbele ya mzee. Hata kama ndani kuna bunduki nne? Akasema adabu ni adabu.

Mambo mengine yalikuwa hivyo hivyo. Wakikuta sanduku la risasi, wanangoja mzee achukue kwanza. Mzee hajui kipimo, anazoa zote, halafu anakwenda kuanguka nazo mlangoni, na waliobaki wanapigana kwa ngumi. Nikawafundisha kutoa taarifa: taja mahali kwanza, kisha idadi, kisha nyamaza. "Juu ya tangi, wawili." Imeisha hiyo. Fortunatus akimwona adui juu ya tangi anaanza na samahani mzee, kama hutajali, ninahisi kama kuna watu, na akifika kwenye neno watu mzee yuko chini anatambaa. Ngabo naye ana sauti ya kumbembeleza mtoto alale. Anasema, "Mzee, huko mbele iko mutu." Mbele ipi? Anafikiri kidogo, anasema mbele.

Lakini Ngabo alijifunza. Belyse alijifunza haraka zaidi, yule binti ana roho mbaya ya kupendeza akishika bunduki. Wiki ya pili nikaona huu ujinga lazima ukatwe kichwani. Nikamwambia mzee Léonidas mbele ya wote kwamba anauawa na heshima ya watu wake, na kwamba milangoni atangulie Belyse. Fortunatus akainamisha uso kama nimevua nguo. Mzee akacheka sana, akasema hata ofisini ndivyo wanavyomfanya, hakuna anayemwambia kitu mpaka kimeshaharibika. Akakubali kukaa nyuma, na siku hiyo hiyo wakaanza kushinda.

Ungedhani Fortunatus alifurahi. Alinifuata nje, analalamika kwamba mzee amewekwa nyuma ya msichana wa mapokezi, picha gani hiyo. Nikamuuliza yeye anataka kikosi kishinde au anataka picha. Akatoa miwani, akaifuta, akairudisha. Ninawajua watu wa aina hiyo, nimewaona Nairobi na nimewaona hapa. Wanaume wazima, uti wa mgongo waliuacha kwenye fomu ya kuomba kazi. Nilimdharau kabisa na sikumficha.

Somo nililolirudia kuliko yote lilikuwa la mtu aliyeanguka. Anayeanza kucheza akimwona mwenzake chini anamkimbilia kama msamaria, na hivyo ndivyo adui anavyopata wawili kwa bei ya mmoja. Usimwinue mtu penye uwazi. Mmalize kwanza aliyempiga, au tupa bomu la moshi ujifiche ndani yake. Kama huna moshi, mwache. Kumwacha si dhambi. Na kama uko karibu na mnara, ndiyo kabisa usihangaike, washa mnara, mchezo umekwisha na aliyelala ameshinda pamoja na wewe. Fortunatus alitikisa kichwa kukubali. Huyo kuitikia kwa kichwa hakuanza kujifunza kwangu.

Mashindano yalifanyika Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa hoteli moja huko huko Kagarama, kwa hiyo kila mtu wa ile ofisi alipofika alilitaja ghala. Kulikuwa na skrini kubwa ukutani na viti vya harusi vimevalishwa vitambaa. Flaviana alikaa mstari wa mbele na gauni la kitenge jipya. Walimu tulipangwa nyuma ya vikosi vyetu na kuonywa kwamba atakayefungua mdomo, kikosi chake kinatolewa. Kwa mtu kama mimi hiyo ni adhabu.

Wakashinda mchezo wa kwanza, wakashinda wa pili, Belyse akifungua milango kama anadai kodi. Wakafika fainali na watu wa kampuni moja ya bima. Kila upande ukapata raundi moja, ikabaki ya mwisho. Nitakueleza ilivyokuwa, na nikieleza bado damu inanichemka.

Belyse aliangusha wawili, akapigwa. Ngabo akatangaza, "Nyuma ya pipa, mmoja," mahali kwanza na idadi baadaye, nikataka kumbusu. Akammaliza huyo wa nyuma ya pipa, lakini akapigwa kutoka juu, na yeye na Belyse wakaisha kabisa. Kwa wale wa bima alibaki mmoja tu, binti mwembamba aliyekuwa juu ya paa la ghala la oksijeni, na wetu walibaki wawili. Hapo ndipo mzee Léonidas alipojiona kwenye skrini kubwa. Akasahau yote, akakatiza uwanja mtupu, akaanguka katikati.

Fortunatus alikuwa wapi? Alikuwa kwenye mnara. Narudia, kwenye mnara. Alikuwa amejificha nyuma ya kontena, ukuta unamkinga na yule wa juu ya paa, swichi iko hapo kwenye kiwiko chake, na kiunoni ana mabomu mawili ya moshi hajatumia hata moja. Ilitakiwa abonyeze, ashikilie kidogo, twende nyumbani na kombe. Watu wote ukumbini waliona. Flaviana, ambaye hajawahi kushika pad maishani mwake, nilimwona anaonyesha swichi kwa kidole.

Mzee hakuomba kitu. Alisema tu kwenye hedifoni, "Fortunatus, niko chini."

Fortunatus akauacha mnara. Hakutupa moshi. Hakukimbia hata kukimbia. Alitoka nyuma ya kontena akatembea hadi katikati ya uwanja, akapiga magoti mbele ya mzee, akaanza kumwinua. Yule binti wa bima hakuwa na haraka. Alingoja Fortunatus aanze kazi, ili wote wawili wakae kwenye shabaha moja, kama ambavyo ningengoja mimi. Kisha akawamaliza pamoja.

Watu wa bima wakaruka juu ya vile viti. Mimi nilitukana kwa Kikuyu, taratibu, neno baada ya neno, na mama mmoja aliyenielewa akageuka kunitazama. Belyse alizungusha waya wa hedifoni yake, akaiweka mezani, akaondoka bila kuaga mtu. Ngabo alikuwa anaitazama skrini kana kwamba itabadilisha mawazo.

Mzee Léonidas akasimama. Nilijua sasa ndiyo yale. Mtu aliyenichekea alipoambiwa anauawa na heshima, leo ameuawa nayo mbele ya mji mzima, lazima aseme neno, na lile ghala limekwenda. Akamshika Fortunatus mabega, akamgeuza awaangalie watu, na macho ya mzee yalikuwa na machozi.

"Nimeajiri watu maisha yangu yote," akasema. "Nikianguka, nani atakuja? Huyu amekuja. Alijua atakufa, akaja." "Jumatatu unaanza hapa Kagarama."

Wakapiga makofi. Hata watu wa bima walipiga makofi, na wao ndio wenye kombe. Flaviana alikuwa analia na kucheka pamoja, anapokea pongezi za watu asiowajua.

Nilimkuta Fortunatus kwenye meza ya soda, peke yake kwa mara ya kwanza, na sikumpa pongezi. Nilimwaga yote. Nilimwambia nimefundisha walevi, nimefundisha mtu mwenye mkono mmoja kwenye bendeji, sijawahi kuona kituko kama chake. Nikamuuliza kama alikuwa amelala siku niliyofundisha moshi, na kama macho yake yana kazi nyingine zaidi ya kubeba miwani. Swichi ilikuwa kwenye kiwiko. Hakuiona?

Alisubiri nimalize. Akageuka kutazama mzee yuko wapi, akamwona yuko mbali anazungumza na watu wa hoteli, ndipo akanijibu.

"Niliiona," akasema. "Niliiona kabla hata mzee hajaanguka."

Akanywa soda yake mpaka mwisho, bila haraka. Uso niliokuwa ninauangalia haukuwa wa yule niliyemfokea mwezi mzima. Huyu alikuwa ametulia. Akaweka chupa mezani akaniambia kwamba ghala litakuwa na watu wengi, vijana, na atataka wawe na kikosi chao, na wote atawaleta Rwezamenyo kwangu, kila wiki, mwaka mzima.

"Ila Njeri," akasema, na dada haikuwepo tena, "huo mdomo uupunguze kidogo. Watu wangu ni wasikivu."

Ukumbi wangu una viti vingi, na siku nyingi nusu yavyo ni vitupu. Nilisimama pale na karaha yangu yote, bado imejaa, haijapungua hata tone.

"Sawa, bosi," nikasema.