Nambari ya Mtu wa Karibu

Yule mnoaji wa vyuma vya viatu vya kutelezea barafuni hufika kliniki kabla ya wagonjwa wote, huweka kofia kwenye kiti cha pili kama anayemshikia mtu nafasi. Leo mkono wake wa kulia umeumuka kama andazi. Wa kushoto ni mkavu, umejaa makovu ya chuma. Kabla ya kujibu swali lolote hugusa koo na kumeza mate, ahakikishe njia ya hewa ingali wazi.

"Nani mwingine kwenu ana ugonjwa huu wa kuvimba?" Sista Larysa alimuuliza.

Akameza. "Mama. Na kaka yangu. Walikuwa nao." Kisha, haraka haraka: "Usinicheleweshe, sista, viatu vyao viko kwangu, timu nzima itacheza kwa soksi."

Larysa akacheka. Ila majaribio ya dawa aliyokuja kujiandikisha hayampokei mtu asiye na wa kupigiwa simu koo lake likianza kuziba. Mzee mnoaji akaujaza mstari wa mtu wa karibu kwenye fomu kwa mkono wa kushoto, polepole, bila kuinua kichwa. Hakuandika jina, ila nambari tu.

"Huyu atapatikana kweli, mzee?"

"Sijawahi kumpigia akakosa kupokea."

Utaratibu ulidai nambari ijaribiwe papo hapo. Larysa akatoa simu yake ya mkononi, akabonyeza tarakimu moja moja, maana mwandiko ulikuwa umepinda. Simu ya mezani ya kliniki, pale kati yao, ikaanza kulia. Ikalia mara tatu, mara nne.

Mzee akagusa koo, akameza.

"Pokea basi, sista."