Siku Nilikata Samaki ya Bakwe Kichwa

Niseme mimi mwenyewe mbele mutu mwingine aseme: mimi Masika, mutoto wa Butembo, mwenye kupika tangu utoto, nilipoteza muchumba juu ya vichwa tatu ya samaki. Mucheke tu. Hata mimi nilicheka, mais kisha miezi mingi.

Muchumba wangu alikuwa Kambale, na siku ile papa yake na mama yake balitoka Beni, kule Ruwenzori, kuja kuonja mukono wangu mbele ya kuanza mazungumuzo ya mahari. (Kwetu habaulize umesoma wapi, banaangalia sahani.) Mutu mwenye akili angepika sombe ya majani ya muhogo na bugali, kwisha. Mimi nilikuwa nimeona mu telefone video ya samaki nyeupe, unaikata vipande bila mifupa, unaikaanga na ngozi yake chini, kisha mu kikaango ile ile unamwanga divai, kitunguu na siagi kidogo mpaka sauce inakuwa nzito, nikasema leo Beni itajua kama Butembo tuliamuka.

Nilinunua tilapia tatu sokoni asubuhi, mbichi kabisa, macho inang'aa. Nikakata vichwa, na juu niko mutu mwema sana (hii wema yangu itaniua) nikazipelekea Mama Kahindo, jirani wangu wa nyuma ya lupango, ule uwanja wa nyumba yetu, apikie batoto.

Donc sahani zikafika mezani, ngozi imekauka vizuri, sauce inanukia divai mpaka ku barabara. (Sisi Bakatoliki divai haitutishe, na telefone ilisema pombe yote inatoka na moshi.) Papa yake Kambale, mutu ya kanisa ya Baprotestanti, kule habaguse pombe, alifunga macho kuomba, akafungua pua kwanza, kisha macho.

"Binti, kichwa ya hii samaki iko wapi?"

Hapo ndipo nilikumbuka: kichwa ni ya mugeni mukubwa. Nilijibu, "Nilitoa, papa. Ni mapishi ya sasa."

Mama yake akasukuma sahani na kidole moja. "Mwanangu, samaki tunaijulia ku macho. Wewe unaficha macho, unamwanga na divai juu. Ilikuwa imeoza, si ndiyo?"

Niliangalia Kambale anitetee. Mudomo yake, ile ya kunibembeleza mu simu usiku na muchana, siku ile ilikuwa mu likizo.

Ningeomba tu radhi. Mais mimi na kiburi yangu! Nikakimbia kwa Mama Kahindo kuomba vichwa, bakwe baone macho yazo. Zilikuwa zimeisha kupikwa, na nyanya na pilipili, bugali iko moto pembeni. Akasema, "Hapana shida, mama, bageni ni ba sisi wote," akavaa kitambaa ku kichwa, akamwambia binti yake Kahindo abebe chungu.

Papa alikula kichwa ya kwanza, akanyonya mpaka mifupa. "Hii ndiyo samaki!" Mama alikula ya pili. Ya tatu? Kambale. Vipande zangu zilibaki mu divai yazo, zinapoa. Niliona haya mpaka masikio ikawaka.

Kahindo alipiga magoti kubanawisha mikono. Mama mukwe akamuangalia, akaangalia chungu, akauliza Mama Kahindo pole pole, mbele yangu, mimi nimesimama na taulo:

"Huyu binti, tayari iko na mutu?"

"Hapana, mama."

Harusi ilifanyika Beni, nami nilialikwa, si niko jirani? Nilivaa kitenge ya mupya, nikapiga vigelegele mpaka koo ikauma, na moyo ilikuwa inauma zaidi. Ku meza baliweka samaki nzima nzima, macho yote inaniangalia. Kambale peke yake ndiye hakuniangalia.

Sasa hata ndagala, samaki ndogo kama kidole, siikate kichwa. Na jirani mwenye binti simupe kitu, hata moto.