Ntheo ya Datsun

Kama hujawahi kuona mwanamume mzima akitokwa na machozi kwa sababu ya gari isiyo na magurudumu, basi hujakutana na mume wangu. Jina lake la ubatizo ni Bartholomew, lakini hapa Machakos mjini ukiuliza Bartholomew utazunguka mpaka jioni. Uliza Bato, fundi wa bodi. Mletee gari iliyogonga ng'ombe, iliyobingiria, iliyoangukiwa na mti, atainyoosha mpaka wewe mwenyewe usahau ilivyoumia. Ni mpole, hanywi pombe, kanisani anaimba sauti ya nne. Kasoro yake ni moja tu: mambo ya nyumbani kwake yote ni kesho. Mlango wa choo, kesho. Bomba la jikoni, kesho. Na ntheo yangu, kesho.

Ntheo nikuelezee, maana huenda wewe si Mkamba. Kwetu mwanamume anaweza kukaa na mwanamke, wazae, wajenge, wasomeshe, lakini kama hajapeleka mbuzi wa ntheo kwa wazazi wa mwanamke, huyo mwanamke bado hajaolewa. Ni mgeni tu aliyekawia kurudi kwao. Na mbuzi wenyewe ni watatu, si mali ya kutisha mtu. Mmoja anachinjwa, familia mbili zinakula pamoja, wazee wanaomba, basi, umekuwa mke wa mtu.

Mama yangu yuko Kivaa, na amezeeka. Tangu nimzae Mueni, ambaye sasa ni mtu mzima anafanya kazi zake Syokimau, mama hajawahi kukanyaga nyumba yangu. Hana kinyongo hata kidogo. Nikimwita ananiambia, "Mutanu, nitakuja nikiwa nani? Nikishakuwa mama mkwe wa mtu, nitakuja." Nilikuwa naogopa, wacha niseme ukweli, kwamba atakufa kabla ya kuona hata kikombe changu.

Sasa gari. Kule Kola kuna nyanya anaitwa Kalunde. Sisi wote tunamwita Susu, yaani nyanya kwa Kikamba. Marehemu mumewe alikuwa na Datsun ya milango miwili, boneti ndefu, ya aina ile waliyokuwa wakikimbiza kwenye Safari Rally zamani zile. Aliipa jina Mwendwa, yaani mpendwa. Bato aliiona ikipita na vumbi lake akiwa kijana hajaota ndevu, na hajawahi kupona. Mzee alipofariki, Mwendwa akasukumwa kwenye ghala la mahindi, kuku wakahamia ndani. Kila tulipoenda matanga Kola, mume wangu alitoroka maombi akachungulie ghala. Alimwomba Susu amuuzie mpaka tukaona aibu. Susu alikuwa anamjibu, "Mwendwa hauzwi."

Mwezi wa nane mwaka huu Susu akapiga simu mwenyewe. "Bato, njoo. Mbaazi zimekuwa nyingi, nataka ghala langu."

Tulipofika, Bato akauliza bei. Susu akacheka.

"Pesa nitapeleka wapi na huu uzee? Sikiza. Mimi nimezaa wavulana watupu. Kila mmoja nimempelekea mbuzi kwa watu, mpaka zizi langu likabaki mavi tu. Mimi sijawahi kuletewa hata mtoto wa mbuzi. Mwendwa ndiye binti yangu. Ukimtaka, leta ntheo."

Nilidhani ni mzaha. Ai! Mume wangu, yule wa kesho, hakulala kwa furaha. Kabla wiki haijaisha mbuzi walikuwa wamenunuliwa sokoni, watatu, wanono, na kamba mpya shingoni. Blanketi la Susu likanunuliwa. Na kwa kuwa bwana harusi haendi peke yake, nadhani unajua ni nani aliyebeba sukari. Mimi, Mutanu, nimevaa leso mbili na viatu vya kanisani, naenda kumposea mume wangu gari!

Sitadanganya, ilikuwa siku tamu. Majirani wa Susu walikuja wakapiga vigelegele. Mzee mmoja alisimama mbele ya ghala akaiombea Datsun ipate uzao. Susu alikula ini, akajifunika blanketi jua likiwaka, akalia kwa raha. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Halafu Susu, hana ubaya wowote, akifuta mafuta vidoleni, akanigeukia.

"Na wewe Mutanu, mbuzi zako za ntheo zilikuwa za rangi gani?"

Watu wote wakaacha kutafuna. Wakamwangalia Bato. Bato akaangalia mahali gurudumu la Mwendwa lingekuwa, kama lingekuwapo.

"Zangu bado zinanyonya, Susu," nikasema.

Walicheka wote. Mimi sikucheka.

Tulirudi na lori la kukodi, Mwendwa amefungwa nyuma, sisi tumebanana mbele na dereva. Hapo ndipo nilipomfungulia mdomo.

"Baba Mueni, kwa hivyo gari imeolewa kabla yangu? Mimi ndiye mke mdogo wa Datsun?"

"Mama Mueni, tulia, kesho nita..."

"Hiyo kesho yako mimina kwa tangi la hiyo gari, tuone kama itawaka!"

Dereva akaongeza sauti ya redio.

Jumatatu kazi ikaanza, nyuma ya nyumba yetu, chini ya mabati. Kwanza walitolewa kuku wawili waliokuja na gari na viota vyao, na mayai tukala. Kisha viti, kisha zulia lililokuwa limeoza. Bato alimzunguka Mwendwa akimgonga kwa kidole kilichokunjwa, ameinamisha kichwa, anasikiliza. Penye bati zima panaita. Penye kutu pananyamaza, naye anapiga alama ya chaki. Sakafu yote ikawa chaki. Hakujali, alikuwa anapiga mluzi. Vijana wa gereji yake huwa anawaambia neno moja kila siku: kazi huanza chini. Ukipaka rangi juu ya kutu, umejidanganya, kutu haidanganyiki.

Shida ilikuwa injini. Ilikuwa imeshikana, haizunguki. Shaaban, fundi wa injini na rafiki yake wa miaka, alitoa plagi, akamimina dizeli iliyochanganywa na mafuta ya gia, akaweka spana kubwa mbele ya injini, akavuta. Hakuna kitu. Akasema tuipe siku, mafuta yazame. Lakini alimwambia Bato wazi: injini hii ikikataa kuzunguka, nyingine kama hii hatutapata, na Mwendwa atarudi kuwa nyumba ya kuku. Basi kila asubuhi kabla ya chai mume wangu alikuwa anavuta spana, na kila asubuhi alirudi mezani amenyong'onyea.

Mimi nilikuwa bado nimekasirika, kwa hivyo sikumhurumia. Napita na beseni la nguo, nasimama.

"Bibi harusi bado anaona haya?"

Siku moja Shaaban alikuwepo. Akacheka, akapangusa mikono.

"Mzee Bato, wacha nikwambie kitu sisi wenye ruhusa ya wake wengi tunajua. Mke wa pili hatulii kama wa kwanza hajatulizwa. Wewe umeruka foleni."

Beseni lilinitoka mikononi kwa kicheko. Nguo safi zote mchangani! Shaaban akacheka, nikacheka, tukashikana mikono. Bato hakucheka. Alikuwa chini ya gari, miguu tu inaonekana, na miguu ikatulia. Akatoka polepole na chaki mkononi, akaketi kwenye kile kiti cha Mwendwa kilichokuwa nje.

"Mimi ndiye nawaambia vijana kazi huanza chini," akasema. "Miaka yote hii. Na nyumba yangu mwenyewe nimeipaka rangi juu ya kutu."

Nikaona machozi. Shaaban akajifanya anatafuta spana. Nilikuwa nimelitaka neno hilo tangu nikiwa msichana mwembamba, na lilipokuja nilisimama tu na shati lenye mchanga mkononi.

"Nikishamaliza hapa," akasema, "twende tutafute mbuzi."

"Kesho?" nikamuuliza.

"Leo, Mama Mueni."



Jumamosi tulikuwa Kivaa, na wazee wa ukoo wa Bato, na mbuzi watatu wenye kamba mpya, na blanketi zuri kuliko la Susu, maana nililichagua mwenyewe. Shaaban tulimwachia Mwendwa aendelee kumbembeleza. Mama alitoka jikoni na leso ambayo sijawahi kuiona, ina mikunjo ya sanduku bado. Akawaangalia wale mbuzi kama hajui mbuzi ni nini.

"Hawa wamepotea njia?"

"Hapana, mwaitu," Bato akamjibu, akimwita mama kwa Kikamba, kofia mkononi. "Wamefika. Wamechelewa tu."

"Kawia ufike," mama akasema. Kisha akageuka haraka, akajifuta na ile leso mpya.

Moto ukawashwa, mbuzi akachinjwa. Mjomba wangu akaomba maombi marefu, akapitia ukoo mzima, walio hai na waliotangulia. Nyama ilipoanza kugawiwa, mfuko wa Bato ukaanza kutetemeka. Akaitoa simu. Nikaona jina: Shaaban. Shaaban hapigi simu ovyo. Bato alijua, na mimi nilijua. Na wakati huo huo mama alikuwa amenyoosha mkono, amemshikia kipande cha nyama, anangoja mkwewe apokee.

Bato akanirushia simu magotini.

"Shika wewe," akanong'ona. "Mimi niko kwa ntheo."

Akapokea nyama kwa mikono miwili.

Nilienda nyuma ya jiko nikapokea simu. Shaaban alikuwa anapiga kelele kama ameshinda kura. "Mama Mueni! Imezunguka! Mwambie mzee imezunguka, mzunguko mzima, laini kabisa!" Mimi pia nilipiga kelele, nikajiziba mdomo na leso, nikaruka ruka pale kati ya kuni na kuku. Halafu nikajipangusa, nikarudi, nikaketi kando ya mume wangu.

Mama alikuwa anahesabu kwa vidole vitu atakavyonibebea. Kibuyu cha maziwa. Ndengu. Jogoo. "Na sisubiri Krismasi," akasema. "Kesho narudi na nyinyi, nikaone hiyo nyumba."

Bato akaniinamia. Macho yalikuwa yamemtoka.

"Shaaban alisemaje?"

Nilimwangalia mwanamume huyu niliyeishi naye nikiwa mgeni. Nikachukua kipande cha ini, nikatafuna polepole, nikameza.

"Anasema kesho."