Mlio wa Shujaa Anayekata Roho

Ukuta uliotenganisha karakana ya Mama Sikio na chumba cha gemu cha shemeji yake, mume wa mdogo wake, ulikuwa wa mbao nyembamba, tena mbao zilizochoka. Upande huu vyerehani vibovu vilipangwa hadi dirishani. Upande ule watu wazima na akili zao walikaa kwenye viti vya plastiki kutwa nzima, wakipigana mapanga ndani ya runinga.

Kelele za mapanga hazikumsumbua. Makelele ya wachezaji nayo alishayazoea, maana mwanamume akishindwa gemu hulia kama aliyefukuzwa kazi. Kilichomtoa roho kilikuwa kitu kimoja tu. Shujaa wa gemu ile akijeruhiwa, damu yake ikabaki kidogo, mashine huanza kutahadharisha: ti-ti-ti-ti, sauti nyembamba, kali, isiyopumzika, mpaka mchezaji atafute dawa amnyweshe shujaa wake. Sasa niambieni, nani mle ndani alikuwa na habari ya dawa? Hakuna hata mmoja! Wote walijua kushambulia tu. Shujaa alikata roho asubuhi, akakata roho jioni, na mlio ukaendelea.

"Shemeji, hicho kidude kitanitia wazimu," Mama Sikio alilalamika.

"Mlio ndio utamu wenyewe, shemeji. Bila mlio mtu atajuaje kwamba anakufa?"

"Si anajiona kwenye runinga?"

"Anajiona, lakini haamini."

Kisha hucheka, shemeji wa watu, na mama wa watu hurudi kwake akisonya.

Wala hakuwa mtu wa kulalamika ovyo. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vyerehani, kazi aliyofundishwa na baba yake, na wote wawili waliifanya kwa namna moja. Mafundi wengine wakiletewa mashine huifumua yote, wakatandaza vyuma sakafuni, ndipo waanze kubahatisha. Yeye aliikanyaga taratibu bila kitambaa, akafumba macho na kuinamisha sikio karibu na chuma. Sindano ikigusa mahali isipotakiwa hutoa mlio wa kugonga, mdogo mno, mwembamba mno, ambao mwenye mashine huenda asiutambue. Yeye aliutambua, akachukua bisibisi na kufungua skrubu ileile aliyoitaka, haendi kwa nyingine. Jina la Mama Sikio alilipata hapo. Na mlio wa gemu, kwa bahati mbaya yake, ulifanana na huo wa sindano kama pacha, kwa hiyo ukianza kulia kazi husimama.

Basi akaumwa mafua, mafua mabaya ya kumlaza kitandani. Alipopona akaenda kufungua karakana, na kabla hajavua hata mtandio akasimama kama mtu aliyeitwa. Mapanga yalisikika. Ngoma za gemu zilisikika. Wachezaji walikuwa wakitukanana vizuri tu. Lakini ule mlio haukuwepo! Nusura apige vigelegele. Alinunua soda baridi akampelekea shemeji yake mkononi.

"Shemeji, Mungu akuzidishie. Leo nimeamini kwamba una utu. Umenizimia ule mlio!"

Shemeji hakuwa amezima chochote. Lakini hebu fikirieni: mtu aliyesonywa miaka nenda miaka rudi, leo analetewa soda na dua. Akameza mate, akaangalia soda, akaangalia chini.

"Ah, shemeji, sisi si ndugu?" akasema, akaifungua.

Ulikuwa uongo, hata kama alidhani hauna madhara. Alijiambia kwamba mama wa watu ameshauzoea mlio, na aliyeuzoea ni kama hausikii.

Mama Sikio akafanya kazi kwa raha akiimbaimba, mpaka mshonaji wa sare za shule aliporudisha cherehani alichotengenezewa juzi tu. "Mama, bado inagonga." Mama Sikio akaisikiliza, hakusikia kitu, akaipangusa, akaitia mafuta, akamrudishia. Mshonaji akarudi tena, safari hii na sindano iliyovunjika na uso uliokunjamana.

"Mama, kama umechoka na kazi yangu, niambie tu. Shule zinakaribia kufunguliwa."

"Mashine yako ni nzima, mwanangu. Labda unaikanyaga vibaya."

Jamani! Kumwambia hivyo mwanamke aliyeshona tangu usichana wake! Mshonaji alikaa kwenye kigoda, akaikanyaga mwenyewe, na Mama Sikio akafumba macho na kuinama. Mashine ilikwenda laini, kama mpya.

"Unaona? Kimya."

"Mama," mshonaji akasema taratibu, "hiyo inayogonga, huisikii?"

Na hapo hapo, nyuma ya mbao, kinyozi wa jirani akapaza sauti: "Mnywesheni dawa huyo, jamani! Mlio unatuua masikio!"

Mama Sikio akafumbua macho. "Mlio gani?"

"Si huo wa gemu?" mshonaji akasema. "Unalia tangu nimeingia."

Alitoka na aproni yake na bisibisi mkononi. Chumbani kwa shemeji runinga ilikuwa imejaa wekundu, shujaa amepiga goti, anahema. Shemeji alipomwona akasimama.

"Shemeji, uliuzima?"

"Shemeji, mimi..."

"Nimekuuliza."

"Sikuuzima. Ulikuja na soda na maneno mazuri, nikaona haya kukukatalia. Nilidhani umeuzoea tu."

Laiti angefoka! Hakufoka. "Ongeza sauti," alisema.

Shemeji akaongeza. Ngoma zikamtikisa kifua, mabati yakanguruma, wachezaji wakaziba masikio. Alisogea mpaka sikio likagusa spika. "Ongeza."

"Imefika mwisho, shemeji."

"Na kinalia sasa hivi?"

"Kinalia."

Akabaki pale, ameegemea kidude alichokilaani kila siku, akiomba kimkere. Bila lile sikio yeye ni nani? Mtu mwenye bisibisi, wa kufumua na kubahatisha kama wengine, na jina lake litabaki mjini kuwa la kejeli.

Shemeji akazima kila kitu. Alikuwa ametahayari mbele ya wateja wake, na kwa kukosa la kufanya akachutama mbele yake, akaanza kuiga kwa ile sauti yake nzito. "Kinafanya hivi, shemeji. Ti-ti-ti-ti."

Hiyo aliisikia. Hakuna aliyecheka mle ndani. Mama Sikio akalia waziwazi, akajifuta kwa aproni yenye grisi, ikamchafua shavu.

"Kesho nakupeleka kwa daktari wa masikio," shemeji akasema.

"Utanipeleka. Na soda yangu utaitapika."

Karakanani mshonaji alikuwa bado anasubiri. Mama Sikio angeweza kumwambia kuna kipuri kimekosekana madukani, na mshonaji angeamini. Alivuta kigoda, akakaa karibu naye.

"Nimekukosea, mwanangu. Si miguu yako, ni masikio yangu. Sauti nyembamba zimenitoka." Kulitamka kulimwia vigumu kuliko alivyotegemea. "Kanyaga. Kisha niigie inavyosema."

"Niige? Kwa mdomo?"

"Kwa mdomo."

Mshonaji, mtu mzima na watoto wake, akatupa jicho mlangoni kuona kama kuna anayepita. Akakanyaga. "Tik," alisema kwa aibu. "Tik... tik..."

"Sindano ikishuka au ikipanda?"

"Ikipanda. Hapa, tik."

"Endelea, usiharakishe."

Mama Sikio akafumba macho, akainama kama siku zote, ila sasa hakuielekea mashine. Sikio lake alilipeleka karibu na mdomo wa yule mwanamke.