Nilijua Rafiki Yangu Anavuta Bangi

Nilipokuwa kidato cha pili huko Kemambo, dhahabu ilikuwa imewaingia watu wote kichwani. Rafiki yangu, niliyekaa naye dawati moja, alimsaidia mama yake kuosha mchanga wa dhahabu kila alipotoka shule. Huko ndiko wasichana wakubwa walikomfundisha kuvuta bangi, wakimwambia inaondoa uchovu. Alinieleza mwenyewe, akanisihi nisimwambie mtu. Nikanyamaza, hata alipoanza kusinzia darasani na kucheka peke yake.

Jumamosi moja aliachiwa mdogo wake wa miaka miwili. Alivuta, usingizi ukamchukua, na mtoto akajimwagia uji wa moto. Aliungua mkono na kifua.

Mama yao alipotoka hospitali alikuja moja kwa moja kwetu. Nilimwamkia, hakuitikia.

"Wewe ndiye rafiki yake," alisema. "Ulijua?"

"Sikujua, mama."

Aligeuka, akaondoka.

Mtoto alipona, akabaki na makovu. Rafiki yangu alipelekwa Nyansurura kwa shangazi yake. Alikaa huko mwaka mzima akilima na kuchunga ng'ombe, na bangi akaiacha. Aliporudi shuleni alikuwa kidato kimoja nyuma yangu. Siku ya kwanza nilimfuata nikamwambia kwamba nilimdanganya mama yake.

"Anajua," alijibu. "Nilimwambia mimi."

Tuliendelea kusalimiana, lakini hatukuwahi tena kukaa pamoja tukazungumza.