Usingizi Ulioitwa Maombi

Jumapili hiyo mchungaji aliposema tupige magoti, nilimshukuru Mungu kwa sababu zangu mwenyewe. Nilikuwa nimetoka chuoni Emali, ambako wanafunzi wa ushonaji tulikuwa wengi kuliko cherehani. Mchana ilikuwa mwenye nguvu mpishe, kwa hivyo mimi nilifanya mazoezi usiku, na asubuhi nikaingia darasani macho yakiniwasha kama niliyekaa kwenye moshi. Ilifika mahali nikashona huku nimesahau ninachoshona. Basi nikaweka paji la uso kwenye benchi, na usingizi ukanichukua papo hapo.

Maombi yakaisha, watu wakaketi, mimi nikabaki magotini. Shemasi aliponigusa bega nilishtuka nikapaza sauti: "Amina!" Kanisa zima likaitikia. Mama alikuwa akilia kwa furaha. Nje, wenzake walimshika mkono, mmoja akamwambia, "Huyu msichana yako amezama kabisa kwa maombi." Mama hakuwahi kupongezwa hivyo kwa ajili yangu. Ningemwambiaje kwamba nilikuwa nimelala fofofo?

Haukupita muda nikateuliwa kuongoza kesha la kila Ijumaa. Usiku pekee niliokuwa nikilala, ndio huo ukaenda. Kila Ijumaa nilirudi nyumbani kutoka chuoni, nikaimba kanisani, nikakemea mapepo, huku nikiwaonea wivu watoto waliolala sakafuni juu ya leso za mama zao. Nililichukia tabasamu la mama, kisha nikajichukia kwa kulichukia.

Siku ya mtihani wa mwisho tulipewa shati la kushona. Nakumbuka nikishika kola. Kisha mkono ukanigusa bega, nami nikasema kwa sauti, "Amina!" Darasa likacheka. Msimamizi hakucheka. Alinionyesha kola, ambayo nilikuwa nimeishonea kwenye mkono wa shati. Nilijua nimeanguka mtihani hata kabla hajaandika chochote.

Jioni nilimpigia mama, nikiwa nimeamua kusema yote.

"Mwaitu," nikamwita kwa Kikamba kama kawaida, "nimefeli. Ni usingizi. Hata ile siku kanisani nilikuwa nimelala tu."

Mama akasema kwa upole, "Huyo ni adui, mwanangu. Anataka hata ukane maombi yako. Ijumaa tutakesha sisi wote, na ni wewe utaongoza."

Nilitaka kulia. Nikafungua mdomo nikatae, likatoka lile lile.

"Amina."