Wiski Iliyofunguliwa Matambarale

Safari hii ilitokana na kaburi. Mashamba makubwa ya karanga ya Nachingwea yalikuwa yanafungwa, Wazungu wakirudi kwao mmoja mmoja, na Bwana Makrei, fundi wa matrekta, hakutaka kuondoka kabla ya kuliona kaburi la mdogo wake. Mdogo huyo alikuwa mpima ardhi. Homa ilimkamata Matambarale wakati wa masika, barabara imekatika, akafia mikononi mwa wenyeji waliompokea. Mimi nilikuwa dereva, mzaliwa wa Masasi niliyesoma misheni, hivyo nikachukuliwa niendeshe gari na kutafsiri.

Tuliondoka Nachingwea asubuhi. Kando ya njia matrekta yaliota kutu, majani yamefika usukani. Bwana Makrei alipakata kisanduku cha mbao. Ndani, aliniambia, mna chupa ya wiski ya kwao Skotilandi. Mwaka aliozaliwa mdogo wake, baba yao alinunua pipa akaliweka, linywewe siku ya harusi ya mtoto.

"Imekaa ndani ya pipa miaka zaidi ya ishirini," alisema. "Haikuchanganywa na nyingine, wala haikutiwa maji. Nawapelekea waliomuuguza. Sina kitu cha thamani kuliko hiki."

Nikamwambia wale ni Waislamu, hawanywi. Tukafika Ruangwa. Pale akanituma dukani nikanunue doti ya khanga na sukari.

Matambarale tulifika alasiri. Bakari, mkulima wa ufuta aliyempokea marehemu, alitukaribisha barazani pamoja na mkewe, Bi Somoe. Walipokea zawadi kwa mikono miwili. Bwana Makrei akataka kujua mdogo wake alikufaje.

"Alitetemeka sana, mwanangu," Bi Somoe aliniambia. "Tukamfunika mablanketi, tukampa uji wa moto. Maji tulimnyima, tukihofia baridi itamzidi. Akawa anaita, 'Ushke, ushke.' Tukajua ni mkewe. Nikamshika mkono, nikamwambia, tulia baba, Ushke yuko njiani. Nikawa namwambia hivyo mpaka akanyamaza."

Nilitafsiri. Bwana Makrei akainamisha kichwa, kisha akasema kwa Kiingereza, polepole, "Ni maji. Kwa lugha ya mama yetu, ushke ni maji."

Bi Somoe akanitazama. "Anasemaje? Alikuwa mkewe?"

Bwana Makrei akajibu mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha kambini: "Jina ya mama yetu. Asante sana, mama."

Bi Somoe akashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Basi alimwita mama yake."

Kaburi lilikuwa nyuma ya shamba, limezungushiwa mawe, majani yamepaliliwa. Bakari akatuonyesha, akarudi nyumbani. Bwana Makrei akazibua chupa, akamimina kidogo katika kikombe cha bati, akanipa. Siku hizo sheria ilitukataza sisi Waafrika pombe kali za Kizungu, lakini nilimtazama usoni nikapokea.

Rangi yake ilikuwa ya asali nzito. Ilinukia moshi, mbao kuukuu na tunda lililokaushwa juani. Funda la kwanza liliniunguza mpaka machozi yakanitoka. Baadaye ukaja utamu, kama sukari iliyoungulia sufuriani, halafu uchungu uliokataa kuondoka.

"Kwetu tunaongeza maji kidogo, makali yapungue," alisema. Akaniagiza debe la maji garini.

Nilipolileta, hakugusa kikombe. Alipiga magoti, akayamimina maji yote juu ya kaburi, taratibu, mpaka udongo ukashindwa kuyanywa. Akabaki ameinama, mabega yakimtikisika. Nami nikavua kofia.

Jua lilikuwa linashuka tulipoaga. Bi Somoe alitusindikiza hadi garini na kifurushi cha ufuta. "Kamwambieni Mama Ushke, mwanawe tulimzika vizuri."

Bwana Makrei aliitikia kwa kichwa. Tukarudi Nachingwea, na wiki ile ile akaondoka.

Watu wa nyumbani huniuliza wiski ile ilikuwa na ladha gani, nami huwaeleza. Lakini nilichojifunza ni kingine. Tangu safari ile, nikiketi na mgonjwa, awe wa lugha yoyote, kwanza humpelekea maji mdomoni. Maswali huja baadaye.